Ombi la Ukuta wa Jumatano Iliyopita

Bwera, mtaa wa spea, mkabala na soko
Jumamosi, mvua ikiwa imekatika

Kwako Daktari Fang,
Kliniki ya Kichina ya Shingo na Mabega, ghorofani, Kasese
(kupitia kwa Achille mkalimani, ambaye namwomba asome barua yote, asiruke mahali anapotajwa)

Ndugu Daktari,

Salamu zikufikie wewe, sindano zako na vikombe vyako. Mimi ni yule mgonjwa wa Bwera aliyelia kabla hajachomwa. Jina langu ni Musitafa Masereka, muuza spea za pikipiki. Nadhani shingo yangu unaijua kuliko uso wangu, maana muda wote tuliokuwa pamoja nililala kifudifudi. Shingo yenyewe imepona nusu, na kwa hilo nashukuru. Ni mambo mengine yote yaliyoharibika.

Kwa kuwa wewe ni mgeni wa nchi hii, acha nikueleze jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawagusani, hawali sahani moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anageuza uso mpaka mwenzake apite. Hata jina lake silitaji, ndiyo maana humu nitamwita Mama Mkwe tu. Jina lake kamili mnalo hapo kliniki, na Achille alilitangaza kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya. Huu si ugomvi, ni heshima. Sheikh wetu amenieleza mara nyingi kwamba katika dini mama wa mke ni kama mama mzazi na hakuna kosa kumsalimia. Nilimwomba sheikh aende akamwambie yeye. Hajaenda mpaka leo, kwa kuwa naye anamwogopa.

Baada ya kusema hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu pazia. Katika chumba chako cha vitanda viwili kuna chuma cha kutundikia pazia, na Jumatano chuma kilikuwa kitupu. Pazia niliona mwenyewe nikipanda ngazi: limefuliwa, limeanikwa kwenye ukingo wa baraza, linawadondoshea maji vijana wa boda waliokuwa chini. Nikajisemea, hawa watu ni wasafi. Sikujiuliza limetolewa wapi. Mtu mwenye shingo kama yangu hatazami juu wala pembeni, na kwa kweli hata kabla ya kuumwa sikuwa mtu wa kuwaza mbali.

2. Kuhusu tundu la kitanda. Kitanda chako kina tundu la kutumbukizia uso, na ukishatumbukiza, dunia yote inabaki kigae kimoja chenye ufa na ndala ya Achille. Huwezi kujua nani ameingia. Ukiongeza sindano za kisogoni, za mabegani na mbili za mikononi, hata ukijua huwezi kukimbia. Achille aliniambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka, "Papa, lala tu. Usitikise kichwa, iko sindano mingi." Nikatii. Mimi hutii sana nikiwa sina shati.

3. Kuhusu Achille, bila chuki. Mlango ukafunguliwa, mgonjwa wa pili akalazwa kitanda cha jirani, akakohoa. Daktari, kikohozi kile nakijua. Tangu nimuoe Sadia, mama yake namfahamu kwa kikohozi, kwa visigino, na kwa sauti ya kutangaza samaki wa chumvi ng'ambo ya barabara. Nikajipa moyo kwamba Kasese ni mji mkubwa na vikohozi hufanana. Ndipo Achille akamwuliza jina na kulirudia kwa sauti, kama nilivyokwisha kueleza. Nikauma meno nisigune. Nikaguna. Mgonjwa akauliza ni nani huyo anayeteseka, naye Achille, badala ya kusema hajui, akajibu, "Ni papa Musitafa wa Bwera, ule wa spea. Unamujua?"

Nitakwambia kwa nini jambo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Nyumbani nilikuwa nimesema nakwenda Kasenyi kumpelekea mvuvi plagi ya injini ya boti, kwa sababu mwanamume wa Bwera akisema anakwenda kuchomwa sindano na Mchina kwa ajili ya shingo, atachekwa mpaka mpakani. Mama Mkwe naye alikuwa amemwambia Sadia anakwenda Karusandara kumtembelea shemeji yake, Mzee Eridadi, kaka wa marehemu mume wake. Sisi ni familia ya watu wakweli, isipokuwa Jumatano.

4. Kuhusu uchunguzi wako. Hapa ndipo uliponiumiza zaidi. Ulimbonyeza Mama Mkwe shingo, ukarudi kwangu ukabonyeza tena, ukaenda kwake, ukarudi, ukasema maneno marefu kwa mshangao. Achille akatafsiri: "Docteur anauliza, kule Bwera kuna kitu gani upande ya kulia? Shingo yenu bote mbili imegeukia fasi moja."

Mimi nilikuwa nimekuambia shingo yangu iliharibika kwa kunyanyua injini. Naifuta kauli hiyo. Kitu kizito kuliko vyote ninavyonyanyua ni katoni ya plagi, na hiyo hunyanyuliwa na Sadia. Ukweli ni kwamba duka langu linatazama barabara, na meza ya samaki ya Mama Mkwe iko ng'ambo, kushoto kwangu kidogo. Nikikaa dukani, heshima inanitaka nigeukie kulia, kwenye ukuta wenye kalenda. Yeye anatazama kwangu, mimi niko kushoto kwake, kwa hiyo naye anageukia kulia, kwenye mashine ya kusaga. Tumekaa hivyo tangu ndoa, asubuhi hadi jioni, msimu wa mvua na wa jua. Kalenda ile naijua mpaka jina la mpiga chapa.

Kwa hiyo, Daktari, mimi sikuwa na ugonjwa wa misuli. Nilikuwa na adabu, ikanikaa upande mmoja. Wewe umeichoma adabu yangu sindano, ukaikwangua kwa kile kipande cha pembe, ukaifukizia majani yako yanayonuka kama jikoni, yote hayo bila ruhusa ya ukoo. Bibi zetu nao walituumika kwa pembe ya ng'ombe ulipouma mgongo, lakini hawakutulaza na wakwe zetu.

5. Kuhusu sakafu. Simu ya Achille ikalia, akatoka nje kuongea. Wewe ukaenda chumba cha pili kuandaa vikombe. Tukabaki wawili, kifudifudi, tumepigiliwa kama mabati. Nilitamani kufa, lakini niliogopa kwamba nikifa hapo nitakutwa naye chumbani.

Kisha Mama Mkwe akaanza kuongea, ila hakuongea na mimi. Aliongea na sakafu. Na aliongea Kiswahili, wala si Lhukonzo, kwa sababu Lhukonzo ni lugha ya nyumbani na angekuwa anasema nami; Kiswahili ni cha sokoni, mtu anaweza kumwambia yeyote. Alisema, "Wewe sakafu, uliza huyu mukwe wangu, ile sindano ya kisogo iliuma?"

Ningefanya nini? Kutomjibu ingekuwa dharau kwa sakafu. Nikaiambia sakafu imwambie kwamba iliuma kidogo tu. Akasema, "Sakafu, ambia yeye asidanganye. Nilisikia namna alilia, mimi nikiwa bado kwa ngazi." Nikacheka, na kila nilipocheka sindano zilicheza, nikaomba sakafu imsihi aniache nisije nikatoboka. Akaiuliza sakafu kama kweli mimi niko Kasenyi. Nikaiomba sakafu imuulize mahindi ya Karusandara yanaendeleaje. Akakohoa muda mrefu, nikajua naye anacheka.

Halafu sauti yake ikabadilika. "Sakafu, ambia huyu mutu. Siku ya mazishi mto ilijaa, yeye alibeba bwana yangu katika maji. Mimi niliona. Sijasema asante. Leo nasema."

Daktari, ni kweli. Siku tuliyomzika Baba Mkwe, mto Lhubiriha ulikuwa umejaa na jeneza lilivushwa maji yakitufika kifuani. Nilishika pembe ya mbele, kwa bega hilihili la kulia. Sikujua kama kuna aliyeniona. Kila Ramadhani hupata nyumbani kwangu samaki wa chumvi aliyefungwa vizuri kwenye jani la mgomba, na miaka yote nimemsifu Sadia kwa kujua kuchagua samaki. Sadia hujibu tu kwamba atamwambia muuzaji. Nikaiambia sakafu imwambie mama kwamba mzee hakuwa mzito.

Hapo nikalia. Na hili ndilo lalamiko lenyewe: kitanda chako hakimruhusu mtu kulia kwa heshima. Mikono ina sindano, uso uko kwenye tundu, machozi na kamasi zote zinashuka moja kwa moja kwenye kile kigae chenye ufa. Aliyekuja kupiga deki alidhani bomba linavuja; nilikuwa ni mimi.

6. Kuhusu vikombe. Uliporudi ukatuwekea vile vikombe vya kioo, ukawasha moto ndani, vikanyonya. Ukaniachia begani na shingoni alama za mviringo, kama mahali palipowekwa glasi za chai ya moto. Kwangu upande wa kulia. Kwake pia upande wa kulia. Nilipofika nyumbani Sadia akaniuliza mvuvi gani wa Kasenyi ana mdomo wa hivyo. Sijapata kuogopa namna ile. Nikaanza kueleza habari za plagi, na kabla sijamaliza akaingia mtoto wa jirani kusema Mzee Eridadi yuko kwa mama, amekuja kutoka Karusandara na gunia la mahindi, anauliza shemeji yake yuko wapi. Sadia alikwenda kwa mama yake, akamkuta ndiyo kwanza anafika, akaona zile alama zake, akarudi kuangalia zangu, kama mtu anayelinganisha spea mbili. Akakaa chini. Akacheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Hayakuisha, kwa sababu Mzee Eridadi hakucheka. Alhamisi aliketisha familia uani kwa Mama Mkwe. Mimi, kwa heshima, niliwekwa nje nyuma ya ukuta, na kesi yangu niliisikia kupitia dirisha la jiko. Alisema kulala chumba kimoja na mama mkwe bila kizuizi ni aibu ya nyumba nzima. Akatoa uamuzi: meza ya samaki iondoke mbele ya duka langu, ihamishiwe nyuma ya soko, kando ya machinjio ya kuku, kuanzia siku ya soko inayokuja. Huko samaki wa chumvi hanunuliwi. Huko wateja ni korongo. Mama Mkwe amelea watoto wake wote kwa meza ile, na mahali pale alipewa na marehemu. Kupitia dirisha nilimsikia akikohoa, na safari hii hakuwa anacheka.

Mzee alitoa nafasi moja tu. Ikithibitishwa kwa maandishi kwamba kati ya vitanda kulikuwa na kizuizi, meza itabaki. Ndiyo sababu ya barua hii.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, uniandikie cheti chenye muhuri kwamba pazia lilikuwapo. Nimelifikiria jambo hili na naona tatizo: wale vijana wa boda waliodondoshewa maji, mmoja ni Muhindo wa hapahapa Bwera, na shati lake lilirudi limeloa. Pazia haliwezi kuwa mahali pawili. Kwa hiyo naomba cheti kiseme kulikuwa na ukuta.

Ukuta huo uwe wa tofali, umefika darini, umepigwa plasta pande zote. Kwa kuwa Mzee Eridadi ni mtu wa kuhakikisha, anaweza kupanda gari kuja kuutazama. Itabidi basi ujengwe kabla hajafika, na uonekane wa zamani. Ufukizieni majani yenu, utapata rangi. Ila ukuta ukiwapo, chumba kimoja kitakosa mlango, naye atauliza niliingilia wapi. Toboeni mlango mwingine upande wa barabara, na kwa kuwa ni ghorofani, wekeni na ngazi. Ngazi mbili zikiwapo, wakwe wanaweza kukutana chini wakiondoka, kwa hiyo naomba kengele: ikilia mara moja wanashuka mama wakwe, ikilia mara mbili wanashuka wakwe wanaume, na ikilia mfululizo ujue mimi ndiye niliyekosea. Kabla ya mgonjwa yeyote kuvua shati, Achille amuulize ameoa wapi.

Ikiwa yote haya yatakushinda, naomba cheti kifupi zaidi. Andika tu kwamba kuanzia sindano ya kwanza hadi ya mwisho nilikuwa nimekufa, kisha ukanirudisha kwa vikombe. Maiti hana mama mkwe, hilo hata Mzee Eridadi atalikubali. Nitavumilia maneno ya watu. Bwera nimeitwa mengi, na sijawahi kuitwa marehemu.

Najua unajiuliza kwa nini nahangaika hivi kwa meza ya samaki ambayo siruhusiwi hata kuitazama. Nami nimejiuliza. Meza ile ikiondoka, nitaweza kugeuza shingo nipendavyo, kushoto, kulia, kama bundi, na sitaumwa tena maishani. Lakini nitasikia nini asubuhi nikifungua duka? Sitaki shingo nzuri ya namna hiyo.

Nimalizie kwa kukuomba uwasalimie wote hapo: yule dada wa mapokezi anayepiga miayo, aliyefua pazia, wagonjwa wa migongo ambao ni wengi kuliko sisi, na huyo mtu anayempigia Achille simu, ambaye simjui lakini amebadilisha maisha yangu. Sadia anakusalimu na kuuliza kama unatibu pia uongo.

Ni mimi, mgonjwa wako mwenye adabu upande mmoja,

Musitafa Masereka

Nakala kwa:
Mzee Eridadi, Karusandara
Mwenyekiti wa soko, Bwera
Sheikh, kwa taarifa tu, asiogope
Sakafu, chumba cha vitanda viwili

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua kwa kisu. Kumbe Mzee Eridadi hakungoja siku ya soko. Leo mchana amefika na vijana kuibeba meza. Nilikuwa nimegeukia kalenda yangu kama kawaida, kwa hiyo haya nimeyasikia tu. Mama Mkwe amewaambia meza haibebwi. Amesema kwa Lhukonzo, kwa sauti ya kuuzia samaki, soko zima likisikia, kwamba ndiyo, tulilala chumba kimoja, ukuta hakuna, pazia hakuna, na sakafu ilisikia yote na haikupasuka. Sikumsahihisha kuhusu kile kigae.

Kisha nikasikia visigino vyake vinavuka barabara. Akaweka kigoda mlangoni pa duka langu, akakaa, mgongo kwangu, uso barabarani. Nami nikageuza kiti, uso kwenye rafu ya plagi, mgongo kwake. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, tukiiuliza sakafu ya duka habari za nyumbani. Mzee Eridadi alituzunguka mara kadhaa akitafuta nani anamtazama nani, akakosa. Vijana wameirudisha meza chini. Shingo yangu, Daktari, imenyooka tangu mchana na haijauma.

Kwa hiyo cheti usiandike, tofali usinunue, na mimi bado niko hai. Jumatano tutakuja wote wawili, ingawa hatuumwi sana, na safari hii tutasema tunakokwenda. Tuwekeeni vitanda vilevile. Pazia liacheni kwenye ukingo wa baraza, na simu ya Achille ikilia, tafadhali aende kuipokea nje kama siku ile, wala asifanye haraka kurudi.